Pointi 134 au pointi 49: nani atatamba mwaka wake wa kwanza katika NHL?

Swali: Yaya, mimi ni msomaji wako wa Katuba, hapa Lubumbashi. Binamu zangu wanaishi Montréal na kila mwaka wanacheza mchezo wao wa kuchagua wachezaji wa hoki ya barafuni. Safari hii wameniingiza na mimi. Kila mtu anaweka dola 20 na kuchagua kijana mmoja ambaye msimu ujao ndio wa kwanza kwake katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Atakayekuwa na pointi nyingi zaidi kufika Aprili anabeba zote. Binamu mkubwa amewahi kumchukua Michael Misa kwa sababu msimu uliopita alipata pointi 134. Wamenibakizia Ivan Demidov mwenye 49, au Ryan Leonard, naye 49. Wananicheka kwenye simu kila jioni. Je, nimekwisha kuliwa? Na mtu anawapimaje vijana hawa wakati kila mmoja alicheza ligi yake? (Agosti 2025)

Jibu: Mdogo wangu, mchukue Demidov uwaache wacheke. Binamu yako mkubwa hajachagua vibaya sana, lakini sababu aliyoitoa ni mbovu, na nitaanzia hapo.

Wasomaji wengine hapa hawajui zaidi ya Mazembe na Lupopo, kwa hiyo niseme kwanza pointi ni nini. Katika hoki, goli likiingia, mfungaji anapata pointi 1, na wachezaji wenzake wawili wa mwisho waliogusa kisahani (ndicho mpira wa hoki) kabla yake wanapata pointi 1 kila mmoja. Goli moja basi linaweza kuzaa pointi 3. Msimu wa kawaida wa NHL wa 2025–26 una mechi 82, kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kijana wa mwaka wa kwanza akifika pointi 60, watu wanamsimulia. Rekodi ni ya Mfini Teemu Selänne, aliyepata 132 msimu wa 1992–93, magoli 76 ndani yake, na sioni nani wa kuifikia. Wayne Gretzky alipata 137 alipoingia NHL mwaka 1979, ila hakuhesabiwa kuwa mgeni, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, kwa sababu alikuwa amecheza ligi nyingine ya kulipwa, WHA. Kumbuka habari hiyo ya nani ni mgeni na nani si mgeni. Tutairudia, maana inakuhusu mfukoni.

Sasa pointi 134 za Misa. Alizipata katika mechi 65 akiwa na Saginaw, katika OHL, ambayo ni ligi ya vijana wa miaka 16 hadi 20. Alikuwa wa kwanza katika ligi nzima. Demidov alipata 49 katika mechi 65 pia, lakini akiwa na SKA ya Saint Petersburg katika KHL, ligi kuu ya Urusi, akipambana na mabeki wa miaka 30 wenye ndevu na watoto nyumbani. Hakuna kijana wa chini ya miaka 20 aliyewahi kupata pointi nyingi kuliko hizo katika msimu mmoja wa ligi ile. Leonard alipata zake katika mechi 37, kwenye ligi ya vyuo vikuu vya Marekani, akiwa na Boston College.

Wewe ni mtu wa Lubumbashi, hesabu hii unaifanya kila siku. Ukirudi kutoka Kasumbalesa na kwacha mkononi, huwezi kuziweka kando ya faranga za Kongo ukasema huyu ana nyingi kwa sababu karatasi ni nyingi. Unauliza kwanza kiwango cha kubadilisha. Ligi za hoki nazo zina viwango vyao. Miaka ya 2000 mtafiti wa takwimu Gabriel Desjardins alieneza njia moja rahisi: chukua wachezaji wote waliotoka ligi fulani kwenda NHL, tazama walikuwa wakipata pointi ngapi kwa mechi kule, kisha wakapata ngapi mwaka uliofuata. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Hicho ndicho kiwango cha ligi ile.

Viwango vinatofautiana kutegemea nani amepiga hesabu na ametumia miaka ipi; hivi ni makadirio ya njia hiyo. KHL ni karibu 0.75. Ligi kuu ya Finland ni karibu 0.45. Vyuo vikuu vya Marekani ni 0.35 hadi 0.40. Ligi mbili za vijana za Kanada, OHL na WHL, ziko karibu na 0.30, na ile ya Québec, QMJHL, huwa chini yao kidogo.

Tubadilishe basi. Misa: 134 kwa mechi 65 ni pointi 2.06 kwa mechi. Zidisha kwa 0.30 unapata 0.62, na kwa mechi 82 hiyo ni pointi 51. Demidov: 0.75 kwa mechi, mara 0.75, inakuja 0.57 hivi, yaani pointi 46 kwa msimu. Leonard, kwa kiwango cha 0.40, anapata 43. Umeona? Tofauti ya 85 iliyokufanya uchekwe imebaki 5.

Utaniambia: lakini Misa bado yuko mbele. Ndiyo, kwa hesabu tupu. Hesabu tupu ina upofu, na tunauona vizuri tukiwarudisha wale waliopita kabla ya hawa.

Connor Bedard alitoka WHL na pointi 143 katika mechi 57. Hesabu ilimpa 62 kwa msimu mzima. Akiwa Chicago alipata 61 katika mechi 68 tu, kwa sababu alivunjika taya Januari 2024. Kwa mwendo ule angefika 74. Macklin Celebrini alitoka chuo kikuu cha Boston na 64 katika mechi 38. Hesabu ikasema 55, naye akiwa San Jose akapata 63 katika mechi 70. Matvei Michkov alitoka KHL na 41 katika mechi 47 akiwa Sochi. Hesabu 54, ukweli 63 akiwa na Philadelphia. Wote watatu waliipita hesabu. Sababu ni kwamba kile kiwango ni wastani wa kila aliyehama, na wengi wa waliohama hawakuwa mafundi wa kiwango hiki. Kijana wa miaka 18 bado anakua. Aliyemaliza msimu Machi siye yule yule anayeingia uwanjani Oktoba. Kapata kilo, kapata kasi. Wale wa juu kabisa uwaongezee kidogo, mimi huwaongezea pointi 8 hadi 10.

Lakini usiongeze kwa kila mtu. Alexis Lafrenière, kijana wa Québec ambaye binamu zako wanamjua vizuri, aliondoka Rimouski, ekipe ya QMJHL, mwaka 2020 na pointi 112 katika mechi 52, akachaguliwa wa kwanza na New York Rangers katika zoezi la kila mwaka ambapo ekipe za NHL huchagua vijana kwa zamu. Kwa kiwango cha 0.27 alitakiwa kupata kama 48 kwa msimu wa mechi 82. Alipata 21 katika mechi 56. Ukiunyoosha mwendo ule ufike mechi 82, unakuta 31. Kitu gani kilitokea? Kwanza umri. Alizaliwa Oktoba 2001, na sheria inataka kijana awe ametimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ndipo achaguliwe. Alikosa tarehe kwa wiki chache, akacheza mwaka mmoja zaidi kwenye ligi ya vijana. Zile 112 zilikuwa za kijana aliyekuwa msimu wake wa tatu pale, anawajua mabeki wote, ni mkubwa kuliko wengi wao. Pili, na hili ndilo lililomuumiza zaidi: upande wake wa kushoto Rangers walikuwa na Artemi Panarin na Chris Kreider. Dakika nzuri zilikuwa zimekwisha kugawanywa kabla hajafika.

Umri unadanganya zaidi kuliko ligi, na hapa nitatoa mfano wa ndugu yetu. Bokondji Imama alizaliwa Montréal kwa wazazi waliotoka Kongo hii yetu. Msimu wa 2016–17, akiwa na Saint John katika QMJHL, alifunga magoli 41, na ekipe yake ikatwaa ubingwa. Magoli 41! Mtu asiyejua angesema huyu atafunga 20 NHL. Lakini alikuwa na miaka 20, akikimbizana na watoto wa 17. Goli lake la kwanza katika NHL alilifunga mwaka 2022, akiwa na Arizona, na kazi anayolipwa huko juu ni ya nguvu na ngumi, si ya kufunga. Simdharau hata kidogo, nilifurahi siku ile kama alivyofurahi kila Mkongo anayefuata mchezo huu. Nasema tu kwamba ukiletewa idadi ya magoli bila tarehe ya kuzaliwa, usiitumie.

Kwa umri, Misa yuko vizuri. Alizaliwa Februari 2007, kwa hiyo zile 134 nyingi alizipata kabla ya kutimiza au punde tu baada ya kutimiza miaka 18. Hapo binamu yako ana hoja, ingawa sidhani kama aliifikiria. Demidov alizaliwa Desemba 2005; atatimiza 20 katikati ya msimu. Kwa maisha yote ya uchezaji, mimi siwezi kukuapia nani atakuwa bora. Wewe lakini hukuulizwa habari ya maisha yote. Umeulizwa habari ya Oktoba hadi Aprili, na katika mwaka mmoja ule, miezi 14 ya ukubwa ni faida ya Demidov.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote: dakika, na nani yuko pembeni yako ukiwa ndani.

Mechi ina dakika 60, na washambuliaji wanaingia watatu watatu, safu nne zikipokezana kila baada ya sekunde 45 hivi. Mshambuliaji wa safu ya kwanza hukaa barafuni karibu dakika 20 kwa mechi. Wa safu ya nne 9 au 10. Bedard na Celebrini walipewa karibu 20 tangu mwanzo. Lafrenière alikuwa chini ya 15. Na si dakika zote zina thamani sawa. Mpinzani akifanya kosa, anakaa kizimbani dakika 2 na ekipe yako inacheza watu 5 kwa 4. Pale ndipo pointi zinaokotwa. Mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyewekwa kwenye kikosi cha kwanza cha 5 kwa 4 anaweza kupata theluthi ya pointi zake zote humo. Aliyewekwa nje ya kikosi kile anaweza kuwa fundi wa kuzaliwa na bado asifike 35.

Tazama Montréal, ekipe ya Demidov. Msimu uliopita Nick Suzuki alipata pointi 89. Cole Caufield alifunga 37. Nyuma yao yuko beki Lane Hutson, ambaye katika mwaka wake wa kwanza alipata 66, pasi za goli 60 ndani yake, akaifikia rekodi ya pasi za goli za beki mgeni iliyowekwa na Larry Murphy mwaka 1981. Hutson alichaguliwa wa 62 mwaka 2022, watu walimwona mfupi mno. Akatwaa Calder, tuzo ya mgeni bora wa mwaka, mbele ya Celebrini aliyechaguliwa wa kwanza. Kwa hiyo Demidov anaingia mahali ambapo watu wa kumpa kisahani wapo na watu wa kumalizia pasi zake wapo. Kocha ni Martin St-Louis, mtu ambaye mwenyewe hakuchaguliwa na ekipe yoyote alipokuwa kijana na bado akamaliza kinara wa pointi wa NHL mara mbili, 2004 na 2013. Kocha wa namna hiyo hamfungii kijana fundi benchi kwa kosa moja. Kule SKA zilikuwepo mechi ambazo Demidov aliganda benchi na kuingia kwa dakika za kuhesabu tu. Zile 49 ziweke pamoja na habari hiyo, utaona kwamba hesabu yangu ya 46 imempunja.

Kasoro ipo. Safu ya kwanza ya Montréal imekwisha kushonwa: Suzuki, Caufield na Juraj Slafkovský. Demidov atacheza ya pili, na senta, yaani mshambuliaji wa katikati, wa safu ya pili ndio ugonjwa wa ekipe ile. Kwa hiyo simwoni akipata 75 kama wanavyoota mashabiki wa kule.

San Jose, ekipe ya Misa, ni hadithi nyingine. Msimu uliopita walimaliza wa mwisho katika NHL nzima. Watu hufikiri ekipe mbovu ni nzuri kwa kijana, kwamba atapewa nafasi. Atapewa, ndiyo, lakini pointi za hoki zinatokana na magoli ya ekipe, na ekipe isiyofunga haina cha kugawa. Tena Misa ni senta, na mbele yake pale kuna Celebrini, na Will Smith ambaye naye anaijua nafasi ile. Ama atacheza safu ya tatu, ama atasukumwa pembeni awe winga, nafasi ambayo ina masomo yake.

Halafu kuna jambo ambalo binamu yako mkubwa pengine hakulisoma. Kijana wa miaka 18 au 19 akicheza mechi zisizozidi 9 za NHL katika msimu, mwaka wa kwanza wa mkataba wake hauhesabiwi, unasogezwa mbele. Kwa hiyo kila Oktoba ekipe huwajaribu vijana mechi 9, kisha hukaa mezani na kuulizana: tumbakize au tumrudishe? San Jose hawana haraka, wanajenga. Wakiona bado laini, wanaweza kumwondoa, na dola 20 za binamu zikaondoka naye. Sisemi itakuwa hivyo. Ila kwa Demidov swali hilo halipo kabisa, Montréal walimleta aje kucheza.

Leonard nisimpitie kimya. Magoli 30 katika mechi 37 za chuo ni kazi ya mtu anayejua kufunga. Aprili aliingia Washington, akacheza mechi 9 za mwisho wa msimu, akapata goli 1. Ni mkali, ana mwili, na ekipe yake ni nzuri. Lakini Washington ina wakongwe wengi kwenye kikosi cha 5 kwa 4, akiwemo Alexander Ovechkin, ambaye hatoki kwenye sehemu yake ile ya kushoto kwa ajili ya mtoto yeyote. Nampa 35 hadi 42.

Misa nampa 35 hadi 45 kama atabaki msimu mzima, na hilo "kama" ndilo linalonifanya nimkimbie. Demidov nampa 55 hadi 62.

Usinishike koo Desemba akiwa na 15 tu. Jack Hughes alichaguliwa wa kwanza mwaka 2019, akamaliza mwaka wake wa kwanza na 21 katika mechi 61, magoli 7. Miaka mitatu baadaye alipata 99. Slafkovský huyo huyo wa Montréal alikuwa na 10 katika mechi 39 kabla ya kuumia goti. Bahati ya mashuti peke yake inaweza kumlaza mtu njaa miezi miwili: katika NHL karibu shuti 1 kati ya 10 ndilo linaloingia, na mgeni anayepiga mashuti 40 akafunga 1 hajasahau kucheza. Ukitaka kumfuatilia, usitazame magoli yake wiki za mwanzo. Tazama dakika alizopewa, na kama yumo kwenye kikosi cha kwanza cha 5 kwa 4. Takwimu hizo zinatoka asubuhi, huhitaji kukesha. Mechi ya saa moja jioni Montréal, hapa kwetu ni saa nane za usiku majira yao ya baridi yakianza, na kazini kesho yake hawatakuuliza Demidov alifanya nini.

Kabla hujatuma zile dola 20, kaeni na binamu zako muandike masharti kwenye simu, kila mtu ayaone. La kwanza, nani ni mgeni. Watajaribu kukwambia Demidov hafai kwa sababu alikwisha kucheza Aprili. Alicheza mechi 2 tu za msimu, na alipata goli na pasi ya goli katika ile ya kwanza dhidi ya Chicago. Mechi 5 za mchujo dhidi ya Washington hazihesabiwi. Sheria ya NHL inamwondoa mtu aliyecheza zaidi ya mechi 25 katika msimu mmoja uliopita, au mechi 6 na kuendelea katika misimu miwili tofauti, au aliyekwisha kutimiza miaka 26 kufikia Septemba 15. Kifungu hicho cha umri kiliwekwa baada ya Mrusi Sergei Makarov kutwaa Calder mwaka 1990 akiwa na miaka 31. Panarin aliitwaa mwaka 2016 akiwa na 24, halali kabisa, mbele ya Connor McDavid aliyekuwa amevunjika mtulinga akacheza mechi 45 tu.

Na hapo McDavid analeta sharti la pili. Alipata 48 katika zile 45, mwendo wa juu kuliko Panarin aliyepata 77 katika 80. Ninyi mnahesabu pointi zote au pointi kwa mechi? Mkubaliane sasa. Mimi ningekushauri udai pointi zote, kwa sababu faida yako kubwa juu ya binamu mkubwa ni kwamba mtu wako atakuwepo uwanjani usiku kwa usiku. Wakikataa, dai angalau idadi ya chini ya mechi, tuseme 50, la sivyo Misa akicheza 9 nzuri akarudishwa, watakuja kukwambia ameshinda kwa wastani.